Kesi ya Maji ya Kalweshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vyeusi, vyenye kisigino kifupi, nikatembea kutoka nyumbani kwetu Kamalondo hadi katikati ya mji wa Lubumbashi. Saa mbili kasorobo nilikuwa nimesimama mlangoni pa ofisi ya Bâtonnier. Hilo ni jina la cheo: wakili anayechaguliwa na wenzake kuwaongoza. Muda wake wa uongozi ulikuwa umekwisha zamani, lakini huku kwetu cheo hicho hakivuliwi, na mji mzima ulimwita Bâtonnier mpaka siku ya mazishi yake. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akasimama kwenye miguu, akaniita Maître, kama mawakili wanavyoitwa kwetu.

"Maître Odile, uko na viatu vingine?"

"Hapana, Bâtonnier."

"Basi ni hivi njo vitajifunza kazi. Twende."

Nilifikiri tunakwenda mahakamani. Tulikwenda Kasungami, kule mji unakopakana na mashamba, kuona chemchemi ambayo bourgmestre, yaani mkuu wa commune, sehemu ya mji yenye utawala wake, alikuwa na wasiwasi nayo. Bâtonnier alikunja suruali, akaingia kwenye tope bila kusema kitu. Akawauliza akina mama waliokuwa wakichota: nani hufika wa kwanza asubuhi, nani wa mwisho, wakati wa kiangazi maji yanaishia wapi, wakati wa mvua yanapita wapi. Mimi niliandika. Kabla ya saa sita viatu vyangu havikuwa na rangi tena.

Tukiwa garini akaniuliza, "Umeandika nini?"

Nikamsomea majina, vipimo vya viwanja, namba za vyeti vya ardhi. Nilikuwa nimejiweka tayari kusifiwa.

"Na mayi inatokea wapi?"

Nikapekua daftari langu; hilo halikuwemo.

"Kesho utarudia peke yako. Muntu hawezi kutetea mayi yenye hajue fasi inatokea."

Kesho yake nilirudi kwa miguu, nikiwa nimevaa kandambili za mama.

Kazi yetu ilikuwa kuwatetea watu wasio na nyama wala damu. Sheria ya nchi yetu inasema mji ni mtu, commune ni mtu, sekta na chefferie, yaani maeneo ya utawala ya huko mashambani, nazo ni watu. Zina jina, zina mali, zinaweza kushtaki na kushtakiwa. Lakini haziwezi kusimama mbele ya hakimu zenyewe, kwa hiyo zinahitaji mdomo. Mawakili wengi wa Lubumbashi wa wakati wangu walikimbilia faili za migodi, na siwalaumu. Bâtonnier alibaki na faili za commune na sekta, ambazo mara nyingi zililetwa zimefungwa kwa kamba ndani ya mfuko wa unga. Nilimwuliza kwa nini hakuwafuata wenzake. Alijibu bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Kampuni ikishindwa, inatafuta wakili mwingine. Sekta ikishindwa, bantu banakunywa ile hukumu."

Baba yangu, fundi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, hakuelewa kazi hiyo hata kidogo. Jumapili baada ya misa aliwaambia wenzake, "Mutoto yangu eko avocat ya mayi," yaani wakili wa maji, na wenzake wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Baadaye aliendelea kusema maneno hayohayo, ila alikuwa ameacha kucheka.

Miaka miwili ya stage, yaani ya kujifunza chini ya wakili mkubwa, niliipitisha nikijifunza mambo ambayo chuo hakikunifundisha. La kwanza ni réclamation. Ukitaka mahakama ifute uamuzi wa mkubwa fulani, huanzi mahakamani. Unamwandikia kwanza yeye mwenyewe, unamwomba aufute kwa mkono wake. Barua hiyo lazima ipokewe na kupigwa mhuri wa siku iliyofika. Akinyamaza miezi mitatu, kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa, na hapo ndipo mlango wa mahakama unafunguka. Ukisahau barua, au ukiwa huna mhuri, unarudishwa nyumbani hata kama haki yote iko upande wako. Bâtonnier alikuwa akiushika mhuri na kuunusa, kujua kama wino ni wa jana au wa mwezi uliopita. Sijui kama kweli aliweza kutofautisha. Ila makarani walimwogopa.

La pili nililijifunza kwa kushindwa.

Commune moja ya pembeni, ambayo sitaitaja, ilikuwa na chemchemi iliyotumiwa na mitaa mitatu. Mtu mmoja tajiri alinunua kiwanja jirani, akajenga ukuta, na ukuta ukaimeza chemchemi. Bâtonnier alinipa kesi hiyo niibebe peke yangu. Nilisema kwa muda wa saa nzima. Nilieleza kwamba maji ni ya taifa, hayauziki pamoja na kiwanja, na hakuna ukuta unaoweza kuyafanya kuwa ya mtu mmoja. Niliona hakimu mmoja akitikisa kichwa kukubali, nikajiona nimefika.

Wakili wa tajiri alisimama kwa dakika mbili tu. Aliuliza nani alitia sahihi procuration yangu, yaani karatasi inayompa wakili ruhusa ya kusema kwa jina la commune. Nikaitazama. Ilikuwa sahihi ya adjoint, msaidizi wa bourgmestre. Bourgmestre mwenyewe siku hiyo alikuwa mjini, ofisini kwake, mzima wa afya. Msaidizi hakuwa na haki ya kusaini. Mahakama ikasema kesi haipokeleki. Kuhusu maji haikusema neno hata moja.

Nilirudi ofisini. Nilitegemea Bâtonnier anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Umeambia ba mama ba kule?"

"Bado, Bâtonnier. Nilifikiri tuandike barua kwa bourgmestre, na yeye..."

"Nenda ubaambie weye mwenyewe. Leo."

Nilikwenda. Walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao, wamezigeuza chini juu, wakinisubiri. Niliwaambia ukweli: kwamba hatukushindwa kwa sababu ya haki, tulishindwa kwa sababu ya sahihi, na kosa lilikuwa langu kwa kuwa sikuisoma. Hakuna aliyenitukana. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alisimama, akachukua ndoo yake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Basi, Maître, tupite wapi sasa?" Wakaanza kupanda mlima kuelekea bomba la mbali, mmoja nyuma ya mwingine. Tangu siku hiyo sijawahi kufungua faili bila kuanza na karatasi ya sahihi. Vijana waliofanya stage kwangu walinicheka kwa hilo, na niliwaacha wacheke.

Baada ya stage Bâtonnier alinituma Kasumbalesa, mpakani, ambako alikuwa na ofisi ndogo ya chumba kimoja. Nilikaa huko miaka minne. Maegesho ya malori yalikuwa yakimwaga mafuta na uchafu kwenye visima vya mtaa, na wenye maegesho walisema hawajawahi kuambiwa. Karani mmoja mzee wa commune akanitolea daftari la barua zinazotoka. Barua tatu kwao zilikuwa zimeandikwa humo, zote zimepokewa, zote zina mhuri. Wenye maegesho wakakubali kuchimba mfereji kabla hata kesi haijasomwa. Hapo nilielewa kwamba makarani wa ofisi ndogo, wale ambao hakuna anayewasalimia, ndio wanaoshika nusu ya kesi mikononi mwao. Nikaanza kuwasalimia.

Niliporudi Lubumbashi, Bâtonnier alikuwa amezeeka. Alikuwa haendi tena kwenye tope. Aliniita, akanisukumia faili juu ya meza.

"Hii njo ya mwisho nitafungua," alisema. "Lakini utaifunga weye."

Ilikuwa faili ya sekta ya Kalweshi.

Kalweshi ni mto mdogo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mjini wakati barabara ni nzuri. Sekta imechukua jina lake. Watu wa huko ni wakulima wa siku nyingi. Wanalima mahindi na mihogo juu, na karibu na mto wanalima mboga, lengalenga, vitunguu na nyanya, wanazoleta kuuza Lubumbashi. Juu ya mto kampuni moja ilijenga kiwanda cha kuosha mawe ya shaba. Ikapata arrêté, yaani uamuzi ulioandikwa na kutiwa sahihi katika ofisi moja ya juu, unaoiruhusu kuziba mto na kuchukua maji. Mwaka wa kwanza maji yalishuka kutoka magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwaka wa pili watoto walivuka mto bila kulowa.

Mkuu wa sekta, ambaye sote tulimwita Chef, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kupewa cheo. Alinipokea katika ofisi yenye meza moja na kabati moja. Nyuma yake alisimama msaidizi wake, adjoint, mwanamume mwembamba ambaye katika ziara zangu zote tatu za kwanza hakufungua mdomo. Watu walisema anaogopa hata kupiga chafya mbele ya wakubwa.

"Sheria inasema nini, Maître?" Chef aliniuliza.

Nilimweleza. Maji ni ya taifa, kwa hiyo kampuni haiwezi kusema ni yake. Lakini sekta nayo haiwezi kusema ni yake. Mwenye kutaka kuyachukua kwa wingi anahitaji ruhusa, na kabla ya ruhusa wenyeji lazima waulizwe, na maji ya kunywa yanatangulia kazi nyingine zote.

"Hapa hakuna muntu alikuya kutuuliza."

"Kampuni inasema walikuja. Iko na PV, maandishi ya yaliyosemwa mkutanoni, yenye sahihi."

Chef alicheka kidogo, cheko la mwalimu aliyeletewa kazi iliyonakiliwa. "Basi tutaisoma pamoja."

Nikamwomba procuration. Nikamwambia aisaini yeye mwenyewe, mbele yangu, kwa mkono wake, na nikamwuliza mara mbili kama amewahi kusimamishwa kazi au kuwa likizo mwezi huo. Aliniona kama mtu mwenye ugonjwa fulani. Alisaini. Tukaandika réclamation, ikapokewa, ikapigwa mhuri. Miezi mitatu ikapita kimya. Tukaingia mahakamani.

Asubuhi ya kusikilizwa kwa mara ya kwanza, watu wa Kalweshi walijaza viti vya nyuma. Walikuwa wamesafiri juu ya lori la mboga. Kiongozi wa akina mama wa bustani, Mama Feza, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alikuwa amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Wakili wa kampuni alikuwa mtu hodari niliyesoma naye chuo, na tuliheshimiana. Alisimama kabla yangu.

"Bwana Rais," alimwambia hakimu mkuu, "mwenzangu hana ruhusa ya kusema hapa. Mkuu wa sekta amesimamishwa kazi. Hii barua ni ya jana."

Akaiweka mezani. Ilikuwa kweli. Niligeuka, nikamwona Chef amekaa mstari wa tatu, mikono juu ya magoti. Barua ilimfikia usiku, akaja hivyohivyo, kama msikilizaji wa kawaida. Hakuwa ameniambia, nadhani kwa aibu.

Kichwa changu kilikuwa safi. Hicho ndicho kitu ambacho kushindwa kwa kwanza kulinipa.

"Bwana Rais," nilisema, "procuration hii sikupewa na bwana aliyeketi pale. Nilipewa na sekta, kwa mkono wa mkuu wake, siku ambayo alikuwa mkuu. Mkuu akiondoka, sekta haiondoki. Ruhusa yangu inakwisha siku sekta itakapoifuta. Mpaka sasa hakuna barua ya kuifuta."

Mwenzangu akatabasamu. "Mkuu wa muda yuko humu ndani. Anaweza kuifuta sasa hivi."

Rais akatazama juu ya miwani yake. "Nani ni mkuu wa muda?"

Yule adjoint mwembamba akainuka pale pembeni ya dirisha. Karibu naye walikaa mabwana wawili wenye suti ambao sikuwajua, na mmoja wao alikuwa amemshika kiwiko. Mimi nilifunga macho kidogo. Nilimjua kwa kimya chake tu, na nilijua kesi nzima, mto wenyewe na lori lile la mboga, vimetundikwa kwenye ulimi wa mtu huyu.

"Ni mi, Bwana Rais."

"Sekta inafuta ruhusa ya Maître Odile?"

Alitazama mabwana wa suti, kisha akatazama nyuma, kwa Mama Feza. Mama Feza hakumfanyia ishara yoyote. Alimtazama tu jinsi mtu anavyomtazama jirani.

"Bwana Rais," adjoint alisema kwa sauti ndogo, "mi naishi kule. Bibi yangu anapikaka na ile mayi. Sifute."

"Sema kwa nguvu, karani aandike."

"Sifute!"

Alipiga kelele kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka. Watu walicheka, Rais akagonga meza, na karani akaandika. Nimesikia hotuba nyingi nzuri katika jengo lile. Hakuna iliyozidi neno hilo moja.

Rais aliamua kwamba mahakama itakwenda kuona mto kwa macho yake. Jambo hilo linaitwa descente: mahakimu, karani na mawakili wanafunga safari hadi pale penye ugomvi. Siku ikapangwa, na pande zote zikaandikiwa.

Tulipofika Kalweshi siku hiyo, niliteremka garini, nikasogea hadi ukingoni. Mto ulikuwa umejaa. Maji yalipita kwa wingi, mekundu, yakipiga kelele kwenye mawe. Wakili wa kampuni alinyoosha mkono kuelekea mtoni kama mtu anayekaribisha wageni mezani. "Bwana Rais, huu ndio mto wanaosema umekufa."

Nilijua kilichotokea. Walikuwa wamefungua ukuta wa juu asubuhi ile. Lakini kujua si ushahidi, na Rais alikuwa ameanza kumsemea karani maneno ya kuandika.

Mama Feza akapita katikati yetu bila kuomba ruhusa. Aliingia mtoni na nguo zake, maji yakafika mapajani, akainama, akashika kitu chini ya maji, akakivuta. Kilikuwa mmea wa mahindi uliolazwa na mkondo, mrefu, wa kijani, na mbelewele zake zikichuruzika maji.

"Bwana Juge," alisema, "kuanzia wakati gani bantu banapandaka mahindi ndani ya mayi?"

Rais akamwashiria karani asimamishe kalamu.

"Mwaka jana mu hii fasi ilikuwa mukavu. Nilisema, basi, tulime. Nimelima mistari sita. Njoo muhesabu. Mayi hii imefika leo asubuyi, na kesho itaenda. Mahindi yangu haikuwa na habari ya kama munakuya."

Rais alivua viatu. Akakunja suruali, kwa utulivu kabisa, akaingia majini, akatembea akipapasa kwa mkono mpaka akahesabu mistari sita. Aliporudi ukingoni alimwambia karani, "Andika: mahindi, katikati ya mto, yamefikia kimo cha mtu, yamelazwa chini ya maji." Kisha akamgeukia wakili wa kampuni. "Maître, una la kuongeza?" Mwenzangu akasema hana. Nilimheshimu kwa hilo.

Ilibaki PV ya mkutano. Kampuni ilishikilia kwamba ujumbe wake ulifika kwa magari mawili, Jumanne fulani, ukakutana na wenyeji katika ukumbi wa sekta, nao wakakubali. Chef, ambaye sasa hakuwa na ofisi, alinitembelea mjini akiwa na bahasha. Alikuwa amenakili kurasa za daftari lake la barua kabla ya kukabidhi funguo.

"Angalia ile juma, Maître."

Juma lile la PV mvua ilikuwa kubwa. Kalweshi yenyewe, kabla haijazibwa, ililisomba daraja pekee la barabara ya kutoka mjini. Siku moja kabla ya ule mkutano, Chef alimwandikia administrateur wa territoire, mkubwa wake, kuomba msaada, kwa kuwa hakuna gari linaloweza kuvuka. Barua ilipelekwa na mtu aliyevuka kwa mtumbwi. Ilipokewa, ikapigwa mhuri. Daraja lilisimamishwa tena mwezi uliofuata.

Bâtonnier alikuwa mgonjwa kitandani nilipompelekea nakala. Aliishika karatasi karibu na uso. Nilidhani anasoma. Alikuwa anaunusa mhuri.

"Enda," alisema. "Usiongee sana."

Kwa hiyo sikuongea sana. Mbele ya mahakama niliiweka PV mkono wa kulia, barua ya daraja mkono wa kushoto, nikauliza magari mawili yalivuka kwa njia gani. Nikakaa. Dakika hizo chache zilikuwa hotuba yangu bora, na nilikuwa nimengoja miaka mingi kujua namna ya kuitoa.

Mahakama ilifuta ile arrêté. Hukumu ilisema wenyeji hawakuulizwa, na kwamba maji ya kunywa hayakupewa nafasi yake. Watu wa Kalweshi waliimba kwenye ngazi za mahakama, na Mama Feza alinikumbatia hadi toge yangu, lile joho jeusi la wakili, ikachanika begani. Sikuishona kwa muda mrefu. Nilipenda kujiuliza mbele ya kioo ni nani aliyeichana, na kujijibu.

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Kampuni iliomba tena, safari hii kwa kufuata sheria, na baada ya mikutano mingi yenye kelele ikapewa haki ya kuchukua sehemu ya maji. Tuliweka ubao wenye alama kwenye nguzo ya daraja; maji yakishuka chini ya alama nyekundu, kampuni inafunga pampu. Adjoint, ambaye alibaki kuwa mkuu, alikuwa akienda kuusoma mwenyewe kila asubuhi. Chef hakurudishiwa cheo chake. Nilitaka tumfungulie kesi yake, akakataa. Alirudi kufundisha darasa la tano, na aliponiona akaniambia, "Mi niko muzuri, Maître. Batoto banauliza maswali mazuri kupita bakubwa." Nilimwamini, lakini hata leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu sekta ilipata maji na mtu aliyeisimamia akalipia. Bâtonnier alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijaanza. Faili niliifunga mimi, kama alivyosema.

Nimefanya kazi hiyo miaka mingi baada ya hapo. Nimetetea miji, commune, chefferie. Nimeshinda zaidi ya nilivyoshindwa, na ninasema hivyo bila haya kwa sababu mnaweza kwenda greffe, kwenye ofisi ya karani wa mahakama, mkasome. Mwaka niliostaafu wenzangu waliniuliza siri ni nini. Hakuna siri. Soma sahihi kwanza. Msalimie karani. Nenda ukaone mahali. Waambie wateja wako habari mbaya wewe mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yao. Na usijidanganye kwamba wewe ndiye uliyeshinda, maana siku ile kwenye viti vya mahakama mimi nilikuwa nimefunga macho, na mtu aliyekuwa anaogopa kupiga chafya ndiye aliyesimama.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipeleka Kalweshi kwa gari lake. Sikumwambia mtu kwamba ninakuja. Mama Feza hayupo tena, na adjoint amehamia kwa watoto wake. Nilishuka hadi mtoni polepole, nikiwa na mkongojo. Maji yalikuwa yanapita, si mengi sana, si machache, ya kutosha. Bustani zilifuata ukingo wote, matuta ya vitunguu na lengalenga, na njia ndogo katikati. Nilisimama hapo nikitazama, na nadhani nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni.

Msichana wa miaka kama ishirini alitokea nyuma yangu, ndoo mbili mikononi, amelowa hadi kiunoni.

"Mama, shikamoo. Pole, munasimama mu njia ya mayi."

"Marahaba, mwanangu. Haya maji ni ya nani?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama bibi huyu amepotea na wenyewe wako wapi.

"Ya nani namna gani? Mayi iko mayi, Mama. Iko hapa tangu zamani." Aliinua ndoo zake. "Musogee kiloko, niimwange."

Nikasogea.